Wanafunzi wasikaririshwe fizikia ya kwanta

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya namna tunavyowafundisha vijana wetu wa sekondari somo la fizikia, na hasa ile sehemu iitwayo fizikia ya kwanta. Najua barua yangu ni ndefu kuliko kawaida ya ukurasa huu. Naomba univumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kooni tangu likizo iliyopita.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa hapa Tura, wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Kwa wasioijua, Tura ni stesheni ya Reli ya Kati, ukishapita Itigi na kabla hujafika Tabora mjini. Zamani za misafara, wasafiri waliotoka pwani kupitia Ugogo walilazimika kulivuka pori la Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukame wake. Walipofika Tura walijua wameingia Unyamwezi na roho zao zikatulia. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Siyataji haya kwa kukisifu kijiji changu. Mbele kidogo utaona yanahusu nini.

Mjukuu wangu yuko kidato cha tano, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja kwa sababu kosa si la shule hiyo peke yake. Alikuja likizo kwa treni, na kabla hata hajafungua begi akaniambia, "Babu, nataka kuhama mchepuo. Naenda HGL." Nikamwuliza kulikoni. Akanitolea daftari lake la fizikia.

Ndugu Mhariri, daftari lile ni safi. Mwandiko ni mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Ndani yake mna maelezo ya jinsi mwanga unavyong'oa elektroni katika metali, yamenakiliwa kwa Kiingereza neno kwa neno, na chini yake zipo fomula nne. Nikamwomba aniambie yaliyomo bila kutazama. Akayasema yote, hakukosea hata nukta. Kisha nikamwonyesha paneli ya sola iliyo juu ya paa la jirani yetu, nikamwuliza, "Na ile inafanyaje kazi?" Akanyamaza. Nikamwuliza tena kwa upole kama hayo aliyonisomea hayana undugu wowote na ile paneli. Akajibu, "Babu, hilo halimo kwenye mtihani."

Usiku ule sikulala vizuri. Sikumkasirikia mtoto. Nilijikumbuka mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi nilifundisha hivyo hivyo. Nakumbuka kijana mmoja aliyewahi kuninyoshea mkono darasani akauliza kwa nini mwanga mwekundu, hata ukiwa mkali namna gani, haung'oi elektroni katika zinki, na mwanga wa urujuanimno ulio hafifu unang'oa. Nilimjibu, "Andika kama ilivyo ubaoni." Sikumjibu vile kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Nilimjibu vile kwa sababu nami sikuwa nimewahi kulifikiria. Kijana yule aliketi, na sikumbuki kama aliuliza tena swali lolote mpaka alipomaliza shule.

Basi asubuhi nikamwambia mjukuu wangu tufanye mapatano. Anipe siku kumi za likizo yake, tusifungue daftari wala kitabu, na baada ya hapo akitaka HGL aende na baraka zangu.

Siku ya kwanza sikumwambia neno lolote juu ya kwanta. Nilimpa fumbo la msafara. Nikamwambia: tuseme wapagazi 200 wanataka kuvuka Mgunda Mkali, siku nne bila kisima hata kimoja. Kila mtu anakunywa lita tatu kwa siku. Mpagazi mmoja anabeba kilo 30. Je, wanahitaji wapagazi wangapi wa kubeba maji tu?

Akapiga hesabu upesi. Watu 200 kwa lita tatu kwa siku nne ni lita 2,400. Lita moja ni kilo moja. Gawanya kwa 30, jibu ni wapagazi 80. Akaweka kalamu chini. Nikamwuliza, "Na hao 80 hawanywi maji?" Akacheka, akachukua kalamu tena. Wale 80 wanataka lita 960, ambazo zinataka wapagazi wengine 32, nao wanakunywa, wanataka wengine tena. Alihangaika nusu saa. Mwishowe akagundua njia yake mwenyewe: kila mbeba maji anabeba lita 30, anakunywa 12, anabakiza 18 kwa ajili ya wenzake. Gawanya 2,400 kwa 18. Wanatakiwa 134. Karibu mbeba maji mawili kwa kila wapagazi watatu wenye mizigo! Hapo akaelewa bila kuambiwa kwa nini kila msafara ulipanga safari zake kwa kufuata visima, na kwa nini mahali penye maji palikuwa na thamani kubwa kwenye njia ile.

Fumbo lile halina fizikia kubwa ndani yake. Lakini lina kitu ambacho sikukiona katika daftari lote. Lilimlazimu kujiuliza kama jibu lake linaingia akilini, kurudi nyuma, na kutafuta njia ambayo hakuna aliyemwonyesha. Katika shule zetu tunachoita kutatua matatizo ya fizikia mara nyingi ni kuchagua fomula na kutia namba. Mwanafunzi akiona namba tatu katika swali anatafuta fomula yenye herufi nne, basi, kazi imekwisha. Ukimpa swali lisilokuwa na namba anasema swali lina makosa.

Siku ya pili tulikwenda stesheni. Akina mama wa hapa huuza asali na mayai kwa abiria. Nikamwambia mjukuu wangu atazame tu. Asali unaweza kununua chupa nzima, nusu chupa, hata robo ya chupa ya soda ukitaka. Yai hununui nusu. Ni moja, au mawili, au matatu. Nikamwambia, hiyo ndiyo habari aliyoileta Max Planck kule Berlin mwezi Desemba 1900, tena mwenyewe akiwa haipendi sana: kwamba vitu vyenye joto havitoi nishati kama asali, bali kama mayai. Na mwaka 1905 Albert Einstein akasema mwanga wenyewe unakwenda hivyo hivyo, kwa mafungu mafungu yasiyokatika. Fungu moja ndilo tunaloliita fotoni. Ukubwa wa yai unategemea rangi ya mwanga. Yai la mwanga wa bluu ni kubwa kuliko la mwanga mwekundu.

Sasa lile swali la kijana wangu wa zamani. Mkoa wetu una miembe mingi, na kila mtoto wa hapa anajua kutungua maembe kwa mawe. Tuseme embe liko juu sana. Watoto mia wenye mikono dhaifu wanatupa mawe yasiyofika nusu ya mti. Waongeze wawe elfu, embe halianguki. Akija kijana mmoja mwenye mkono wenye nguvu, jiwe lake la kwanza tu linaangusha embe. Mwanga mwekundu mkali ni ule umati wa watoto. Urujuanimno hafifu ni yule kijana mmoja. Elektroni hupigwa na fotoni moja moja, haingoji kukusanya nguvu za fotoni nyingi. Kama moja haitoshi, hata milioni hazitoshi.

Mjukuu wangu akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo kama mwanga ungekuwa wimbi tu, ungewasha taa nyekundu ukangoja, mwisho embe lingeanguka." Ndugu Mhariri, sentensi hiyo moja ni kubwa kuliko kurasa zote nne za daftari lake. Aliisema kwa Kiswahili, na hakuinakili popote.

Na ile paneli ya sola? Elektroni zake hazitupwi nje, zinaachiliwa huru ndani ya silikoni na kusukumwa upande mmoja, na ndiyo maana umeme unatembea. Lakini sharti ni lile lile: fotoni iwe na nguvu ya kutosha kuiachilia elektroni moja. Silikoni haihitaji nguvu nyingi, kwa hiyo hata mwanga mwekundu unaweza. Na siku ya mawingu paneli haifi, kwa sababu mawingu yanapunguza idadi ya fotoni, hayapunguzi nguvu ya kila moja. Katika vijiji vya mkoa huu ambako sola ndiyo taa ya kusomea usiku, kila nyumba ina maabara ya kwanta juu ya paa lake, na mtoto anayesoma chini ya taa hiyo anaambiwa kwanta ni kitu cha Ulaya.

Nakiri kwamba mifano ina mipaka yake, na mwalimu asiyesema hivyo anadanganya. Kuna wakati nilimweleza kwamba elektroni ndani ya atomu huwa na vituo vyake, kama vile treni inavyosimama Tura, kisha Malongwe, na haisimami porini. Wazo hilo alilitoa Niels Bohr mwaka 1913, mwaka mmoja tu baada ya reli ya Wajerumani kufika Tabora. Lakini nikamwonya papo hapo. Treni ikitoka Tura utaiona ikipita porini kabla haijafika Malongwe. Elektroni hakuna anayeiona njiani, na baada ya kazi za Heisenberg mwaka 1925 na Schrödinger mwaka 1926 hatuzungumzi tena juu ya njia yake, tunazungumzia uwezekano wa kuikuta hapa au pale. Hapo mfano unakufa, na hesabu inashika nafasi yake. Sipendi kabisa ile tabia ya kuwaeleza vijana kwanta kana kwamba ni uchawi, paka yu hai na papo hapo amekufa, kisha wanaachwa midomo wazi. Kijana akishangaa bila kupima chochote atakuwa amepata hadithi tu.

Kwa hiyo tukapima. Kwa fundi redio wa hapa tuliazima kipimaumeme chake kwa siku mbili. Tukanunua taa ndogo za LED, nyekundu moja na bluu moja, ambazo bei yake haifiki bei ya soda. Tukapata betri nne za tochi, rezista moja, na kile kidude cha kuongezea na kupunguzia sauti kutoka katika redio mbovu. Kazi ilikuwa kuongeza umeme polepole mpaka taa ianze tu kuonekana inawaka, kisha kusoma volti zilizo kati ya miguu yake miwili. Ili kuuona ule mwanga wa kwanza tulingoja usiku, tukachungulia kupitia bua la mpapai. Mjukuu wangu ndiye aliyelifikiria hilo la bua, si mimi.

Taa nyekundu ilianza kuonekana kwenye volti 1.7. Ya bluu haikuonekana mpaka volti 2.5. Rudia mara ngapi upendavyo, bluu inadai zaidi, kwa sababu yai lake ni kubwa zaidi. Urefu wa wimbi la kila rangi tuliupata kwa CD kuukuu ya kwaya, maana mistari yake imepangwa umbali wa nanomita 1,600 na inauchambua mwanga kama upinde wa mvua. Unapima kwa rula mwanga umetupwa kando kiasi gani, hesabu ya pembe inakupa jibu. Tulipata kama 640 kwa nyekundu na 470 kwa bluu.

Kisha mtoto akazidisha na kugawanya mwenyewe: chaji ya elektroni mara volti, mara urefu wa wimbi, gawanya kwa mwendo wa mwanga. Jibu ni ile namba ya Planck. Vitabu vinasema ni 6.63, lakini uiweke mbali kabisa nyuma ya nukta, sifuri 33 zikitangulia. Taa nyekundu ilitupa 5.8. Bluu ikatupa 6.3, zote zikiwa na sifuri zile zile 33. Tura, kwa betri za tochi na bua la mpapai! Nilimwambia pia kwamba tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo yenyewe, hii ya mizani ya dukani, dunia nzima inaitafsiri kwa kutumia namba hiyo. Zamani ilikuwa kipande cha metali kilichofungiwa kule Ufaransa.

Jioni ile, bila kuombwa, alichukua karatasi akataka kujua taa nyekundu ikitoa wati moja ya mwanga inatoa fotoni ngapi kwa sekunde. Alipata 3, na baada yake sifuri 18. Akaniuliza kama hesabu yake ina makosa. Nikamwambia ajiulize kama alivyojiuliza habari za wapagazi. Akaipitia upya kwa njia nyingine, akapata vile vile, ndipo akaelewa kwa nini hatuoni mwanga ukidondoka tone moja moja. Asali nayo ukiitazama kwa mbali huwezi kujua kama ni asali au ni mayai mamilioni yanayomiminika.

Sasa nije kwa wahusika, yaani Wizara, Taasisi ya Elimu, Baraza la Mitihani na walimu wenzangu.

Nchi hii ina historia ya aibu na ya fahari katika jambo hili, na zote mbili ni za mtu mmoja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliogopa kukosa nafasi katika friji, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye akadhihakiwa darasani kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe. Akiwa kidato cha juu Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala pamoja katika jarida la kimataifa. Wapo wataalamu wanaobisha mpaka leo kama maji yanafanya hivyo kweli, na hiyo ni haki yao. Lakini jina la Mpemba limebaki. Tena limeingia katika kwanta yenyewe: mwaka 2023 wataalamu wa nadharia walieleza jambo linalofanana nalo katika mifumo ya kwanta, na mwaka 2024 huko Innsbruck, Austria, likaonekana katika maabara kwa mnyororo wa ioni 12 za kalisi. Wanaliita kwa jina la Mpemba. Ni watoto wetu wangapi wa kidato cha tano wanalijua hilo? Mjukuu wangu hakulijua.

Ninaloomba la kwanza ni kwamba kwanta isingoje kidato cha tano. Mayai na maembe yanaeleweka na mtoto wa kidato cha tatu, na paneli ya sola ameiona tangu chekechea. Akifika kidato cha tano na fomula akizikuta, zitakuwa zinamjibu swali ambalo tayari analo. Hivi sasa tunampa majibu ya maswali ambayo hajawahi kuyauliza, halafu tunashangaa akiyasahau. Mtaala mpya ulianza kutumika mwaka 2024, na unasema mwanafunzi ajengewe umahiri. Basi huu hapa umahiri: ajue kupima namba ya Planck kwa taa ya tochi na kueleza kwa nini kipimo chake kimepungua.

La pili ni lugha. Sitaki kufufua mabishano yale ya miaka mingi kama sekondari ifundishwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Nasema tu kwamba hata kama mtihani ni wa Kiingereza, kufikiri kuruhusiwe kwa Kiswahili. Maneno tunayo. TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Ile sentensi ya mjukuu wangu juu ya embe na wimbi isingezaliwa kwa Kiingereza, au ingezaliwa miaka miwili baadaye. Wapo walimu wanaowaadhibu wanafunzi kwa kuongea Kiswahili katika kipindi cha fizikia. Wanawaadhibu kwa kufikiri.

Na Baraza la Mitihani nawaomba waweke walau swali moja kila mwaka lisiloweza kujibiwa kwa kukariri. Lisiwe na fomula, lisiwe na namba zote, mwanafunzi alazimike kukisia kwa akili na kutetea makisio yake. Walimu tunafundisha kile kinachoulizwa. Huo ndio ukweli, nami nilikuwa mmoja wao. Swali moja tu la namna hiyo lingebadilisha ubao mweusi wa nchi nzima katika muda wa miaka mitatu.

Najua wapo watakaosema, "Mzee, shule nyingine hazina madawati wala mwalimu wa hisabati, wewe unaleta kwanta." Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu nimefundisha darasa la watoto waliokaa chini. Lakini nawauliza, vifaa nilivyotumia vinalingana na bei ya nini? Kemikali za jaribio moja tu la asidi na besi zinagharimu zaidi. Kinachokosekana hapa ni mwalimu kuwa tayari kusema "sijui, tujaribu," na mkaguzi akimkuta anachungulia bua la mpapai asimwandikie kwamba hafuati andalio la somo. Na kuhusu hisabati, wengi wanaikimbia kwa sababu hawajaona kazi yake. Mjukuu wangu alipiga hesabu za vipeo usiku kucha akitafuta fotoni zake, na ni yeye yule aliyekuwa anakimbilia HGL.

Sina ubaya na HGL. Historia ya Tura nimeipenda maisha yangu yote. Lakini mtoto aende huko kwa kuwa anaipenda, asiende kwa kuwa amefukuzwa na daftari.

Likizo ilipokwisha nilimsindikiza stesheni. Katika begi lake alitia zile taa mbili, rezista, na CD ya kwaya, na bua la mpapai ambalo nilimwambia litanyauka kabla hajafika. Kipimaumeme tulikirudisha kwa mwenyewe. Mpaka ninapoandika barua hii hajaniambia kama atahama mchepuo au la, nami simwulizi. Juzi alinitumia ujumbe wa simu. Anasema amejadiliana na wenzake watatu bwenini na hawajakubaliana: je, ile 5.8 ya taa nyekundu ilipungua kwa sababu ya macho yetu kuwahi kuuona mwanga, au kwa sababu joto la chumba linazisaidia elektroni, au CD ilikuwa imepinda? Anataka nimpe jibu. Nimemwandikia kwamba jibu kamili sina, wajaribu kuipoza ile taa kwa barafu wapime upya, na wanijulishe.

Mwalimu Mstaafu,
Tura, Tabora.